Shule inamwamsha kijana saa tisa unusu usiku akasome. Ubongo wake unadurusu saa ngapi?

BabaPacha_Nakuru (bandiko la 1)
Wadau, salaam. Nina kijana kidato cha nne, yuko shule ya bweni upande wa Kisumu. Jina la shule naliacha, sitaki kesi. Alipokuja likizo alilala fofofo mpaka mamake akaanza kumpima joto. Kumhoji, akasema kengele ya kwanza inalia saa tisa unusu usiku. Saa kumi kasoro wako darasani, miguu ndani ya karai la maji baridi wasisinzie. Taa za bweni huzimwa saa nne unusu. Hesabuni wenyewe.

Mimi nauza vipuri vya magari, sikusomea udaktari. Lakini nimekuwa nikifuatilia kazi ya mwanasayansi wa ubongo anayeitwa György Buzsáki, Mhungaria anayefundisha New York. Yeye na wenzake huingiza nyaya nyembamba sana kwenye ubongo wa panya na kusikiliza seli moja moja zikitoa umeme. Wanasema panya akilala, seli zilizofanya kazi mchana alipokuwa akitafuta chakula huamka tena kwa mpangilio uleule, ila kwa kasi. Yaani ubongo unadurusu mwenyewe mtu akiwa amelala. Kama hayo ni kweli, basi shule inamkatiza mtoto wangu kudurusu ili akadurusu. Nipingeni.

BodaKondele (2)
Nimekaa kiti cha mbele kabisa. Hilo karai nalijua mazee. Sisi tulikuwa tunapaka Vicks chini ya macho, unalia machozi huku unasoma mizani ya kemikali. Hesabu hazikuingia, ila macho yalikuwa wazi.

Mwalimu_Mstaafu (3)
Nimefundisha hisabati miaka mingi, Kakamega na Vihiga. Waliokuwa wakiamka alfajiri ndio waliokwenda vyuo vikuu. Waliolala wako sokoni wanawalaumu walimu. Panya hafanyi mtihani wa KCSE.

DaktariMtarajiwa (4)
Niko mwaka wa nne udaktari, Eldoret. Mleta uzi umeanza vizuri, ila tuweke historia sawa, kwa sababu Buzsáki hakuanza hili peke yake.

John O'Keefe, London, mwaka 1971 alionyesha kwamba kwenye hipokampasi ya panya, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kuna seli ambazo kila moja huwaka panya akiwa mahali fulani tu. Hii ya kona ile, hii ya mlangoni. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel 2014 pamoja na May-Britt na Edvard Moser wa Norwe. Halafu mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton, wakiwa Arizona, wakapima seli hizo kabla panya hajatembea, akitembea, na akilala baadaye. Zile zilizowaka pamoja safarini ziliendelea kuwaka pamoja usingizini, kuliko kwenye usingizi wa kabla ya safari. Hapo ndipo gumzo lilipoanza.

Sasa Buzsáki. Yeye amekuwa akifuatilia viwimbi vya umeme vya hipokampasi vinavyotokea kwenye usingizi mzito, na hata ukiwa macho umetulia. Kwa panya ni mitetemo 150 hadi 200 kwa sekunde, na kwa kawaida kiwimbi kimoja hakimalizi sehemu ya kumi ya sekunde. Ndani ya hicho kipande cha muda safari nzima ya panya inarudiwa, wengine wamepima kama mara 20 ya kasi ya kawaida. Tangu 1989 amekuwa akisema hivi: mchana hipokampasi inapokea, usiku inakabidhi gamba la ubongo lihifadhi.

Na kwa wanaouliza hipokampasi ni nini: Henry Molaison, Mmarekani, alitolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zake mwaka 1953 kutibu kifafa. Kifafa kilipungua, lakini mpaka anafariki 2008 hakuweza kukumbuka mtu mpya aliyekutana naye asubuhi hiyo.

Mbishi_Sugu (5)
Maneno matamu. Lakini seli kuwaka usingizini si ushahidi kwamba kuwaka huko kunasaidia kukumbuka. Injini ya nduthi ya BodaKondele hulia hata ikiwa imesimama, haijampeleka abiria popote.

BodaKondele (6)
Mbishi niachie nduthi yangu.

DaktariMtarajiwa (7)
@Mbishi_Sugu swali zuri, na lilijibiwa 2009. Gabrielle Girardeau, Michaël Zugaro na wenzao wa Paris, Buzsáki akiwa mmoja wao, waliwafundisha panya kutafuta chakula kwenye uwanja wenye njia nane, ambapo njia zilezile tatu ndizo zenye zawadi kila siku. Baada ya mafunzo, panya wakilala, mashine ilikuwa ikisubiri kiwimbi. Kikianza tu, inapiga mshtuko mdogo wa umeme unaokikatisha. Panya hao walichelewa kujifunza.

Sasa utasema, umempiga mtu shoti kichwani, asisahau kwa nini? Kulikuwa na kundi la pili lililopata mishtuko mingi ileile, lakini kila mmoja ukicheleweshwa kidogo ili uanguke nje ya kiwimbi. Hao walijifunza sawa na panya ambao hawakuguswa. Tofauti ilikuwa wakati tu.

Mbishi_Sugu (8)
Hiyo ya kundi la pili naikubali, mgala muue na haki yake mpe. Bado ni panya.

Sista_Zamu (9)
Habari zenu. Mimi ni muuguzi, zamu ya usiku hapa Nakuru. Kuna ya binadamu. Jan Born na Björn Rasch, Ujerumani, 2007. Watu walicheza ule mchezo wa kukumbuka kadi zinazofanana ziko wapi, jioni, huku wakinusishwa harufu ya waridi. Wakalala, na wakati wa usingizi mzito wakanusishwa tena bila kuamshwa. Asubuhi walikumbuka takriban asilimia 97 ya kadi walizokuwa wamezishika jioni, na usiku ambao hawakunusishwa ni kama 86. Harufu ileile ikitolewa kwenye usingizi wa ndoto, au mtu akiwa macho, haikusaidia.

Yangu ni hii: dawa ninazosomewa kwenye semina nikitoka zamu ya usiku hazikai. Zile za wiki ya mchana zinakaa. Najua si utafiti, ni mimi tu, lakini daftari langu linaonyesha. Wiki za usiku mwandiko unaanza vizuri, ukifika katikati ya ukurasa mstari unateleza mpaka ukingoni.

Kuku_Ingokho (10)
Kumbe! Naivasha iko kaunti ya Nakuru, waridi zote zile zinapandishwa ndege kwenda Uholanzi na watoto wetu wanafeli. Serikali igawe maua bwenini.
Ila mimi wa Mumias waridi sina haja nalo. Nikisomea jikoni ingokho ikichemka, halafu nikalala hapo hapo, nitapata A?

Sista_Zamu (11)
@Kuku_Ingokho utaamka unakumbuka kuku tu.

NyarKisumo (12)
Ngojeni kidogo. Mimi nilisoma saikolojia ya elimu pale Maseno, na naona watu mmerukia panya kabla ya kutazama maelezo rahisi zaidi. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach, chuo cha Cornell, waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri. Wakilala baada ya kukariri walisahau kidogo, wakikaa macho kwa muda uleule walisahau sana. Jenkins na Dallenbach walisema kusahau kunaletwa na mambo mapya yanayoingilia yale ya zamani. Ukilala hakuna kinachoingia, basi. Hapakuwa na haja ya kusema ubongo unadurusu chochote.

Kwa hiyo @BabaPacha_Nakuru, hata kama viwimbi vipo, kwa kijana wako inaweza kuwa ni kelele za mchana tu zinazofuta. Akisoma usiku akalala moja kwa moja bila kushika simu, amefaidika.

DaktariMtarajiwa (13)
@NyarKisumo ya 1924 haielezi waridi la bandiko la 9. Kundi lile lilikuwa limelala nyakati zote mbili, kelele za mchana hazikuwepo usiku wowote kati ya hizo.

NyarKisumo (14)
Haielezi yote. Sikusema inaeleza yote. Lakini wewe unataka kila kitu kiwe kiwimbi.

MzeeWaAlego (15)
Wajukuu, mnaongea vizuri, lakini mnaongea kana kwamba usingizi ulianza 1924. Kwetu Siaya mtu aliyekufa huja usingizini kwa mwenye mimba au kwa nyanya wa mtoto, akataka apewe jina. Ukikataa, mtoto analia bila kunyamaza. Hapo wazee hukaa wakayataja majina ya ukoo moja moja. Likitajwa lililo lake, mtoto ananyamaza. Mimi mwenyewe nilipewa jina kwa njia hiyo. Hipokampasi ya nyanya yangu ilimjua vipi mtu aliyefariki kabla yeye hajaolewa?

Mbishi_Sugu (16)
Mzee shikamoo. Nyanya alisikia habari za marehemu mchana kwa miaka, ubongo ukazitoa usiku. Na mtoto ananyamaza akichoka kulia.

MzeeWaAlego (17)
Marahaba. Wewe hukuwepo.

FundiStima_Kitale (18)
Mimi nilisikia usingizi ni wa kuosha ubongo, si kudurusu. Maji yanapita kati ya seli yanatoa uchafu. Kijana asipolala anabeba uchafu wa jana kwenda mtihani wa leo.

DaktariMtarajiwa (19)
@FundiStima_Kitale hiyo ni kazi ya Maiken Nedergaard na wenzake, Rochester, 2013. Walipima panya wadogo, wakaona nafasi kati ya seli inapanuka kwa kama asilimia 60 wakiwa wamelala au wamelazwa kwa dawa ya usingizi. Lakini 2024 kundi la London lilipima kwa njia nyingine likapata kinyume, kwamba uoshaji unapungua usingizini. Wanavutana mpaka leo. Usiwape wateja wako hiyo bado.

FundiStima_Kitale (20)
Nimeshawapa.

Mbishi_Sugu (21)
Zamu yangu, na hii ni ya watu. Jerome Siegel wa Los Angeles, mmoja wa wanaopinga habari kwamba usingizi wa ndoto ndio hushikilia kumbukumbu, alikuwa akisema hivi: kuna dawa za zamani za mfadhaiko zinazofuta karibu usingizi wote wa ndoto kwa miezi, na wanaozitumia hawapotezi kumbukumbu. Halafu 2015 yeye na wenzake walipima usingizi wa Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasio na stima. Kwa wastani walilala kati ya saa 5.7 na 7.1. Sasa hizi saa nane za usingizi ambazo watu huzililia zimetoka wapi?

Sista_Zamu (22)
Wale walikuwa watu wazima, Mbishi. Kijana wa miaka 17 si mtu mzima. Wataalamu wa usingizi Marekani wanasema saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Na saa ya mwili wa kijana huchelewa, usingizi humjia usiku zaidi kuliko sisi. Ukimlaza saa nne unusu anageuka geuka. Ukimwamsha saa tisa unusu umemkata pabaya.

DaktariMtarajiwa (23)
Naongeza kwa Sista. Usingizi hauko sawa usiku kucha. Ule mzito wa mawimbi ya polepole umejaa mwanzoni, wa ndoto umejaa karibu na alfajiri. Unayeamshwa saa tisa unusu umepoteza sehemu kubwa ya ndoto. Wilson na Kenway Louie walionyesha 2001 kwamba hata kwenye usingizi wa ndoto panya hurudia safari yake, ila kwa mwendo unaokaribia ule wa mchana.

Mbishi_Sugu (24)
Umesikia ulichosema? Viwimbi vya Buzsáki viko kwenye usingizi mzito. Waridi la Sista lilifanya kazi kwenye usingizi mzito. Usingizi mzito uko mwanzoni mwa usiku. Kijana wa BabaPacha analala mwanzo wa usiku! Kwa sayansi yenu wenyewe, shule imemwachia kilicho bora na kumkata ndoto ambazo kwa Siegel hazishikilii kumbukumbu. Mwalimu_Mstaafu anaweza kuwa sahihi bila kujua kwa nini.

Mwalimu_Mstaafu (25)
Najua kwa nini. Nidhamu.

BabaPacha_Nakuru (26)
Mbishi umenikwaza kweli. Lakini wewe hukumwona huyu mtoto mezani. Mamake alimwuliza mara mbili kama anataka chai, mara ya tatu akajibu "ndio, mwalimu".

MvuviDunga (27)
Poleni kuingilia kati. Mimi navua omena, dagaa wa ziwani, hapa Dunga. Omena ni ya giza. Mwezi ukiwa mkubwa hawakusanyiki kwenye taa, tunapumzika. Kwa hiyo mwezi unanipangia usingizi, si kengele.
Wiki za giza tunatoka jioni, tunashusha taa majini, kuvuta wavu mpaka alfajiri, halafu mchana jua na nzi na watoto, nalala vipande vipande. Nikiwa ziwani sisahau kitu. Najua upepo uligeuka wapi, wavu wa nani ulikwama kwenye gugumaji. Nikirudi nchi kavu, ndiyo shida. Mke wangu akiniambia karo ya fulani inatakiwa Ijumaa, naitikia, namwangalia machoni, na Ijumaa ninaapa sikuambiwa. Wiki ya mbalamwezi hilo halinipati. Sasa hiyo ni seli gani inayochagua ziwa na kuacha karo?

BodaKondele (28)
Hiyo seli kila mwanaume anayo.

NyarKisumo (29)
MvuviDunga, yako ni ya maana kuliko mizaha ya hawa. Ukikosa usingizi tatizo linaweza kuwa mlangoni, kitu hakiingii kabisa, si kwamba kiliingia kikapotea. Karo inatajwa mchana ukiwa umechoka. Ziwani uko macho na una hofu, na jambo lenye hofu hukaa.

DaktariMtarajiwa (30)
Na kuna jipya linalomhusu. Machi 2024 maabara ya Buzsáki, mwandishi wa kwanza akiwa Wannan Yang, walichapisha kazi ya panya wadogo kwenye njia za kutafuta maji matamu. Panya akipata zawadi husimama kunywa, na hapo akiwa macho viwimbi hutokea. Mizunguko iliyofuatwa na viwimbi hivyo ndiyo iliyorudiwa baadaye usingizini. Ile iliyopita bila viwimbi haikurudiwa. Yaani uchaguzi wa kitakachodurusiwa unaanza mchana, kwenye kituo kidogo baada ya tukio.

Sista_Zamu (31)
Kwa hiyo mtoto anayetoka kipindi cha kemia moja kwa moja hadi cha historia hadi cha fizikia bila kupumua...

DaktariMtarajiwa (32)
Hapo sasa unaongezea. Panya hakufanya historia.

Mwalimu_Mstaafu (33)
Nilisema hivyo bandiko la 3.

BodaKondele (34)
Mimi nina swali la kisayansi. Jajuok anayekimbia usiku kucha akirushia watu mawe mabatini, halafu asubuhi yuko sokoni anauza nyanya macho makavu: viwimbi vyake vinatokea saa ngapi?

Kuku_Ingokho (35)
Vinatokea akikimbia. Ndiyo maana anakumbuka nyumba ambayo haina mbwa.

MamaBusia (36)
Mkimaliza mizaha, mtu wangu aliniambia usingizi wa mchana wa kijana ni malale, tumpeleke hospitali. Ni kweli malale bado iko?

DaktariMtarajiwa (37)
@MamaBusia malale huletwa na mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda wa ziwa. Kwetu ilijulikana Busia na bonde la Lambwe. Mgonjwa wa Kenya wa mwisho aliyeambukizwa hapa nchini alionekana 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba si tatizo la afya ya umma tena Kenya. Na haimlazi mtu zaidi tu. Inavuruga mpangilio, analala mchana anakesha usiku. Mtoto anayesinzia mchana kwa sababu haruhusiwi kulala usiku hana malale. Akiwa na homa au kuumwa kichwa kwingi, mpeleke akapimwe malaria kwanza.

MamaBusia (38)
Asante daktari.

NyarKisumo (39)
Kabla hatujasahau, kuna wanaogeuza mambo kabisa. Giulio Tononi na Chiara Cirelli, Waitalia walioko Wisconsin, wanasema kazi ya usingizi si kuongeza, ni kupunguza. Mchana viungio kati ya seli vinanenepa kila ukijifunza. Usiku vinapunguzwa, kama mtu anayeshusha sauti ya redio zote nyumbani ili ile moja anayoitaka isikike. Mwaka 2017 walipima viungio vya panya wadogo kwa hadubini ya elektroni, vikawa vidogo kwa wastani wa kama asilimia 18 baada ya kulala, ila vile vikubwa kabisa havikuguswa. Kwa hiyo kijana anaamshwa ama katikati ya kudurusu, ama katikati ya kusahau kwa faida. Chagua.

Mbishi_Sugu (40)
Mmoja anasema ubongo unarudia, mwingine unafuta, mwingine unaosha, wa nne anasema uko kimya tu, na Mzee anasema unatembelewa. Na wote wana panya.

MzeeWaAlego (41)
Mimi sina panya.

Mwalimu_Mstaafu (42)
Nijibiwe mimi. Walioamka alfajiri walipita. Kwa nini?

Sista_Zamu (43)
Mwalimu, walioamka bila kusukumwa walikuwa wanafunzi gani? Wenye bidii. Hao wangepita hata wangesoma saa tisa mchana chini ya mti. Na waliosinzia kwenye karai ukawaita wavivu, ulijua walikuwa wamelala saa ngapi?

Mwalimu_Mstaafu (44)
Siku hizo hatukuuliza mtoto amelala saa ngapi. Tuliuliza amemaliza zoezi.

BabaPacha_Nakuru (45)
Mkutano wa wazazi ni Jumamosi. Nitasimama. Sitawatajia panya. Nitaomba kengele isogezwe hadi saa kumi na moja, na nitauliza kama kuna mwalimu hata mmoja anayekuwa darasani saa hiyo ya tisa unusu, au ni watoto na karai peke yao. Mwenye mtoto huko aje tuwe wengi.

Kuku_Ingokho (46)
Na wakikataa, waruhusu watoto wasinzie kipindi cha mchana basi. Viwimbi vipo hata kwenye kausingizi kafupi, sivyo daktari?

DaktariMtarajiwa (47)
Kausingizi kakifika usingizi mzito, ndiyo.

Mwalimu_Mstaafu (48)
Kwenye kipindi changu ulikuwa ukisinzia chaki inakupata kwenye paji la uso kutoka ubaoni. Sikukosa hata siku moja.

Kuku_Ingokho (49)
Mwalimu, hiyo shule ilikuwa na tangi la maji lililopasuka nyuma ya maabara?

Mwalimu_Mstaafu (50)
Ilikuwa nalo. Wewe ni nani?